Mtajeni Aliyewapa Kipimo: Nasaha kwa Vijana Wanaojenga Spika

Wanangu,

Kazi zenu naziona na zinanifurahisha. Kijana ananunua pale Kariakoo sabufa iliyoungua koili, anaifungua, anaisuka upya, anakata plaiwudi kwa msumeno wa kuazima, anafunga kona kwa gundi na skrubu, na jioni muziki wa dansi unatoka uani kwao, gitaa la besi likisikika noti kwa noti. Nilipokuwa na umri wenu, spika nzuri ilikuwa kitu cha kuagizwa au cha kurithi. Kujenga mwenyewe, tena ikaishinda ya dukani, tulidhani ni mambo ya viwanda vya watu wengine. Leo mnayafanya nyumbani, mkiwa na testa moja na simu. Hongereni sana, nasema kwa moyo wote.

Ufundi mnao. Ninalotaka kuwaambia leo linahusu deni.

Kijana akisifiwa boksi lake husema, "Nimejiongeza tu." Akiulizwa urefu wa bomba la besi ameupataje, anatabasamu: "Hiyo siri ya kazi, mzee." Nawaomba muache maneno hayo mawili. Hakuna aliyejiongeza peke yake katika kazi hii. Kila ujazo wa boksi, kila urefu wa bomba, kila kapasita mnayoitanguliza mbele ya twita, kuna mtu aliyehangaika nayo kabla yenu, akapata jibu, akaliandika mahali ambapo yeyote mwenye nia angeweza kulisoma. Alikuwa na hiari ya kulificha, na hakulificha. Nataka mumjue mtu huyo, mumtaje, na mumlipe. Msiniulize mtamlipaje naye yuko ng'ambo au amekwisha kufa, tutafika huko.

Tuanze na hilo bomba la besi, maana ndilo mnalojivunia zaidi.

Mwaka 1925 wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza kwa maandishi spika yenye koili inayocheza ndani ya sumaku na kusukuma koni. Fungueni spika yoyote mliyonayo mezani. Mtakuta mpango wao ungali umo humo. Baadaye Albert Thuras wa Bell Laboratories akapata, mwaka 1932, hati miliki ya boksi lenye tundu, tundu lile ambalo ninyi mnalitia bomba. Alitambua kwamba koni inaposukuma hewa mbele, mgongo wake nao unasukuma hewa nyuma, na hiyo ya nyuma hupotea bure ndani ya boksi. Akaitafutia njia ya kutokea, ili ije kuongeza nguvu kwenye besi.

Wazo likawepo. Kipimo hakikuwepo. Kwa karibu miaka 30 fundi aliyetaka boksi la tundu alikuwa akitoboa, akisikiliza, akiziba nusu kwa kipande cha ubao, akisikiliza tena. Mara boksi linavuma noti moja tu na kuzimeza nyingine zote. Mara besi haipo kabisa. Wengine waliliacha tundu wakarudi kwenye boksi lililozibwa, na si wa kulaumiwa, maana kupapasa gizani kunachosha.

Kisha mwaka 1961 mhandisi mmoja wa Australia, Neville Thiele, akachapisha makala katika jarida la wahandisi wa redio wa nchini mwake. Alisema hivi, kwa maana yake: spika ikiwa ndani ya boksi lenye tundu inafanya kazi ya kichujio, na vichujio tunavijua, hesabu zake zipo tangu zamani. Basi tupime spika tabia zake chache, halafu hesabu itatuambia boksi liwe la ukubwa gani na tundu liitike kwa mlio upi. Hakuishia kwenye nadharia. Alipanga jedwali lenye mipangilio 28, ili fundi atazame spika yake inaangukia wapi. Naye hakudai kwamba ameanza kutoka sifuri. Aliwataja waliomtangulia, akiwemo J. F. Novak aliyekuwa ameandika juu ya jambo hilohilo mwaka 1959.

Tabia zenyewe mnazijua kwa herufi zake, lakini sina hakika kama wote mnajua maana yake. Fs ni mlio ambao koni yenyewe, ikiwa nje ya boksi, hupenda kutikisika kwao. Vas ni ujazo wa hewa ambao ukibanwa unasukuma kwa ukaidi uleule ulio kwenye ukingo na mshikio wa koni. Spika laini ina Vas kubwa, spika ngumu ina Vas ndogo. Qts inaeleza koni ikishatikiswa inatulia upesi kiasi gani, kwa nguvu ya sumaku na kwa msuguano wake pamoja. Ikiwa karibu na 0.35 au 0.4, spika hiyo hupatana vizuri na boksi la tundu. Ikipanda kuelekea 0.6 au 0.7, iwekeni kwenye boksi lililozibwa, au mtapata mngurumo usio na adabu.

Na vipimo hivi havihitaji maabara. Unganisha spika na amplifaya kupitia rezista kubwa, ya omu 1000 hivi, kisha tumia simu yenye programu ya kutoa mlio mmoja. Panda polepole kutoka hezi 20, jicho likiwa kwenye testa iliyopachikwa kwenye miguu ya spika, ikisoma volti za AC. Pale volti zinapofika kilele, hapo ndipo Fs. Tuseme ni hezi 40. Sasa ifunge spika hiyohiyo juu ya boksi lililozibwa kabisa, lenye ndani sentimita 40 kwa 25 kwa 20, yaani lita 20. Pima tena. Kilele kitakuwa kimepanda, kwa sababu hewa ya ndani imeongeza ugumu. Tuseme kimefika hezi 60. Gawanya 60 kwa 40, upate 1.5, zidisha 1.5 kwa 1.5, upate 2.25, toa 1, ibaki 1.25, zidisha kwa lita 20. Vas ya spika yako ni kama lita 25. Ni makadirio, lakini ni makadirio ya kukatia mbao.

Nimewatembeza katika hesabu hii kwa makusudi. Mtu hawezi kushukuru kitu ambacho hajui ukubwa wake. Kijana anayenakili vipimo vya boksi kutoka kwenye picha, bila kujua vimetoka wapi, ataona amepewa namba nne tu. Aliyeipima spika yake mwenyewe na kuona kilele kikipanda kama alivyoambiwa, huyo anajua amepewa nini. Amepewa miaka ya kupapasa ambayo yeye hataipapasa.

Lakini ile makala ya Thiele ilikaa miaka 10 hivi bila kusomwa na wengi nje ya Australia. Jibu lilikuwa limeandikwa, tena wazi, na mafundi wa Ulaya na Marekani wakaendelea kutoboa na kuziba. Ilipofika mwaka 1971, jarida la Audio Engineering Society la Marekani likaichapisha upya, na ndipo dunia ikaamka. Wakati huo alikuwepo Chuo Kikuu cha Sydney mtafiti aliyetoka Marekani, Richard Small, aliyeichukua kazi ya Thiele na kuipanua kwa makala mfululizo: boksi lililozibwa, boksi la tundu, boksi lenye koni ya pili isiyo na sumaku. Ndiyo sababu leo karatasi ya vipimo ya spika yoyote ya heshima huandikwa majina mawili pamoja, Thiele na Small. Small angeweza kubadilisha herufi chache na kulifunika jina la mwenzake. Alilibeba. Thiele alifariki mwaka 2012, akiwa ameishi vya kutosha kuliona jina lake kwenye karatasi za vipimo za spika duniani kote.

Mfano mwingine kama huo ni huu. Mwaka 1976 mhandisi wa kampuni ya Hewlett-Packard, Siegfried Linkwitz, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani, alichapisha makala juu ya krosova, yaani saketi inayogawa sauti: nene iende kwa spika kubwa, nyembamba iende kwa twita. Shida iliyokuwepo ni kwamba pale mgawo unapofanyika, spika mbili zinaimba noti moja kwa wakati mmoja, na zisipopatana sauti inavimba au inazama, na hata huelekea juu au chini badala ya kumjia msikilizaji. Dawa iliyopatikana ni kupanga vichujio viwili vya Butterworth kimoja nyuma ya kingine. Hapo kila spika inakuwa imeshuka desibeli 6 kwenye mpaka, zote mbili zikienda hatua moja, na jumla yake inatoka sawasawa.

Makala iliandikwa na Linkwitz peke yake. Lakini humo ndani alisema waziwazi kwamba wazo la kupanga vichujio hivyo viwili alipewa na Russ Riley, rafiki yake waliyefanya kazi pamoja. Basi mpaka leo vichujio hivyo vinaitwa Linkwitz-Riley, katika kila studio na kila ukumbi wa muziki. Riley hakuwa na makala. Jina lake lipo kwa sababu rafiki yake alikuwa mwaminifu katika sentensi moja. Na hilo jina la Butterworth nalo ni la mtu: Stephen Butterworth, Mwingereza aliyeandika juu ya vichujio mwaka 1930. Watu watatu, na hakuna aliyemmeza mwenzake.

Sijui mfano bora wa shukrani kuliko huo. Kumtaja mtu hakukupunguzii kitu. Hakuna aliyemwona Linkwitz mdogo kwa kusema hili nimepewa na Riley. Alizidi kuaminiwa, kwa sababu anayesema hili si langu huaminiwa anaposema hili ni langu.

Wapo wengine, nami nitawapitia upesi. D. T. N. Williamson alichapisha mwaka 1947, katika jarida la Wireless World la Uingereza, amplifaya ya vali ya wati 15 yenye upotoshaji usiozidi asilimia 0.1, jambo ambalo watu wa wakati ule walilisoma mara mbili ili kuamini. Aliandika hata namna ya kuisuka transfoma ya kutolea sauti. Peter Baxandall alichapisha katika jarida hilohilo, mwaka 1952, saketi ya vidhibiti vya besi na sauti nyembamba. Kila mnapozungusha kile kinobu cha besi kwenye redio, kuna uwezekano mkubwa mnazungusha kazi ya Baxandall.

Sasa najua mtakaloniambia. "Mzee, hayo ni mazuri, lakini wenzio walikuwa na mishahara. Mimi nakula kwa kazi hii. Nikimwonyesha jirani, kesho anafungua banda mbele ya langu." Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu njaa haina nasaha. Lakini tuitazame vizuri.

Gilbert Briggs alikuwa mfanyabiashara, mwenye kampuni ya spika ya Wharfedale huko Uingereza, aliyoianzisha mwaka 1932. Mwaka 1948 alitoa kitabu cha kumweleza mtu wa kawaida spika inavyofanya kazi na namna ya kuifanya itoe sauti nzuri, akafuatisha vingine. Wateja hawakumkimbia, walizidi kumjia, kwa kuwa aliyewafundisha kusikia tofauti ndiye waliyemwamini awauzie. Katika zama zetu yupo Nelson Pass wa Marekani, ambaye anauza amplifaya za bei ya juu sana na wakati huohuo anachapisha saketi za kujengwa nyumbani. Mwaka 1994 alitoa ile aliyoiita Zen, yenye hatua moja tu ya kukuza sauti, rahisi kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kuifuata mstari kwa mstari. Inakula umeme na kutoa joto jingi, lakini ukimaliza kuijenga unajua transista inafanya nini. Kwa miaka yote hiyo amegawa michoro, na kampuni yake ingalipo.

Mteja wenu halipi namba. Analipa mkono unaokata mbao zikakutana bila mwanya, uvumilivu wa kusugua msasa mara ya tatu, na imani kwamba spika ikikwaruza ataikuta milango yenu wazi. Vitu hivyo jirani hawezi kuviiba kwa kuchungulia.

Kuna tabia nyingine iliyotokana na hofu hiyohiyo, nayo inaniumiza kuliko zote: kusugua namba za transista na za IC kwa msasa ili fundi mwingine asijue kilichomo. Nimefungua amplifaya nyingi zilizofanyiwa hivyo. Mwenye mali anabeba mzigo wake kutoka fundi huyu hadi yule, kila mmoja anatikisa kichwa, mwisho kitu kizima kinakwenda kwa wauza chuma chakavu kwa kosa la kipande kidogo kisichojulikana jina. Aliyesugua hakupata senti kwa hilo. Wanangu, yule aliyewapa mchoro aliandika kila namba. Mnawezaje kuupokea ukiwa na namba na kuutoa ukiwa hauna? Msifanye hivyo kabisa. Na mkikuta imefanywa, mkaigundua transista yenyewe kwa kupima, iandikeni upya kwa kalamu.

Ninapowahimiza kugawa sina maana ya kugawa kisicho chenu. Wabunifu wengi hutoa mchoro kwa sharti: jijengee, jifunze, usiugeuze bidhaa bila ruhusa. Sharti hilo ni sehemu ya zawadi. Anayejenga moja ya nyumbani kwake na kusema "huu mchoro ni wa fulani" ameshukuru. Anayejenga nyingi, akabandika nembo yake na kukaa kimya, ameiba, hata kama mahakama haitamwita.

Sasa nije kwenye malipo niliyowaahidi.

Wengi wenu mnadhani shukrani ni sifa. Mnamwambia aliyewasaidia, "Wewe ni noma, Mungu akubariki," basi mmemaliza. Baraka ni njema, msiziache. Lakini mtu aliyetoa maarifa ana njaa ya kitu kingine: anataka kujua yalifanya kazi au hayakufanya. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sifa zisizo na taarifa huwafanyia hivyo hata walimu wazuri. Mwambie: nilitumia boksi lako la lita 40, bomba la upana huu, tundu limeitika kwa hezi 38 badala ya 35 ulizosema, na chini ya hapo koni ilikuwa ikirukaruka bila kazi nikaogopa kuongeza sauti. Hiyo ndiyo asante ambayo fundi anaikumbuka. Inampa kitu cha kurekebisha, na anayekufuata wewe atakuta mchoro ulio bora kuliko uliopokea.

Tena sisi tunazo taarifa ambazo hao waliotufundisha hawana. Wengi wao walijenga kwenye nchi za baridi na hewa kavu ya ndani ya nyumba. Ukingo wa spika wa povu, ambao vitabu vyao vinausifu kwa wepesi, hapa pwani unaoza. Joto na unyevu vinaumeng'enya mpaka unavunjika kidoleni. Ukingo wa mpira unastahimili zaidi. Mbao za unga uliobanwa, zile wanazozipenda kwa kuwa nzito na tulivu, zikipata maji ya kupigia deki chini zinavimba na hazirudi. Plaiwudi nzuri iliyopakwa rangi pande zote, na kuinuliwa kwa miguu, inavumilia. Umeme wetu unapanda na kushuka, na kapasita ya ukingoni mwa volti zake haidumu. Mambo haya mnayajua kwa macho na kwa hasara. Yaandikeni. Kijana wa Mombasa, wa Bujumbura au wa Muscat atayahitaji kesho, na hata yule mzee wa ng'ambo aliyetoa mchoro atafurahi kujua kazi yake inaishije kwenye chumvi ya bahari.

Andikeni kwa Kiswahili. Wengi wenu mmeyapata haya kwa Kiingereza, kwa kuchambua neno moja baada ya jingine. Yupo mwenzenu mwenye mikono mizuri kuliko yenu ambaye Kiingereza hicho kinamzuia mlangoni. Kumweleza Fs na Vas kwa lugha anayoota nayo ni kufanya kile ambacho jarida la Audio Engineering Society lilifanya mwaka 1971: kukibeba kilichokwisha kuandikwa na kukifikisha kwa wanaokihitaji.

Na muwe wakweli katika namba. Madukani mnaona redio imeandikwa "PMPO wati 5000", na ukitazama kibandiko cha nyuma unakuta inavuta wati 60 tu ukutani. Haiwezekani itoe spikani kile isichokipokea. Msikubali uongo huo uingie kwenye kazi zenu kwa sababu mteja anapenda namba kubwa. Mwelezeni kwamba ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3, na sikio linaiona nyongeza hiyo ndogo tu. Ili asikie sauti maradufu anahitaji kama mara kumi. Akielewa hilo ataacha kununua namba, na atawaheshimu.

Msije mkadhani wa kushukuriwa ni wenye majina vitabuni peke yao. Kila mtaa una fundi redio mzee ambaye hakuandika mstari mmoja, ila alimwacha mtoto asimame nyuma ya kiti chake kutwa nzima. Mimi nilisimama nyuma ya mmoja. Hakuwahi kuniambia ondoka, na nilipouliza swali alinipisha mezani, akasema, "Gusa mwenyewe uone." Ninachojua juu ya mkono kutulia wakati wa kulehemu nilipata kwake, marehemu, Mungu amrehemu. Kama mnaye wa namna hiyo na bado yu hai, nendeni mkamwamkie, mpelekeni akasikilize spika mliyojenga, mketi kimya akisikiliza, na mtu akiwauliza mmejifunzia wapi, litajeni jina lake kabla ya jina la kitabu.

Tena hamjui mnachogawa kitafika wapi. Edgar Villchur wa Marekani ndiye aliyeleta mwaka 1954 spika ndogo ya AR-1, ambayo hewa iliyofungwa ndani ya boksi ndiyo springi ya koni, na wapenda muziki wakapata besi nzito kutoka boksi la kukaa rafuni. Baadaye aligeukia watu wenye masikio mazito. Mwaka 1973 alionyesha kifaa cha kusaidia kusikia kinachoigawa sauti katika mafungu na kuikandamiza kila fungu kwa kadiri ya upungufu wa sikio. Hakukiombea hati miliki. Aliyachapisha matokeo ili watengenezaji wayatumie. Mpango huo umekuwa msingi wa vifaa vya masikio vya leo. Huenda bibi yako anakusikia ukimsalimia kwa sababu mtu wa spika hakufunga daftari lake.

Basi nawaachia kazi, maana nasaha bila kazi husahaulika. Pale Kariakoo, na Luthuli Avenue kule Nairobi, zinauzwa spika nyingi zisizo na karatasi ya vipimo, zisizo na jina la kuaminika, ambazo ndizo wengi wetu tunazimudu. Hakuna mhandisi wa ng'ambo atakayetupimia hizo. Kazi hiyo ni yetu. Kila mmoja wenu achukue aliyo nayo, apime Fs na Vas kama nilivyoeleza, na anayejua Qts aiongeze. Andikeni vipimo nyuma ya sumaku kwa kalamu ya wino usiofutika, pamoja na tarehe na jina la aliyepima. Kisha nakala iwekwe ukutani kwenye banda, mahali ambapo hata mpinzani wako akija kuazima bisibisi ataiona na kuinakili. Juu kabisa ya karatasi hiyo andikeni majina ya Thiele na Small, na chini yake jina la aliyewaonyesha ninyi kupima.

Mkishapata vipimo vya spika kadhaa, nileteeni na mimi. Nitavilinganisha na vyangu, tutakapotofautiana tutapima pamoja, na daftari zima nitalitoa kwa yeyote atakayelitaka.